Dibaga Haing'ati

Kwanza kabisa, ondoa kidole kwenye herufi q. Programu yako ya Lisp imekwama, dirisha la dibaga limejaa mabano na maneno marefu, na mkono umekwenda wenyewe kulifunga kama mtu aliyeona nge kitandani. Wapo waandishi wa programu wanaojivunia wepesi wa kulifunga dirisha hilo, kisha wanakesha wakikisia kilichokuwa kimeandikwa ndani yake! Usiwe mmoja wao. Soma mstari wa kwanza. Wote, mpaka nukta.

Tuseme umeandika fanksheni ya kutafuta wastani wa bei za nyanya sokoni:

(defun wastani (bei)
  (/ (reduce #'+ bei) (length bei)))

Inakwenda vizuri hadi siku soko linapofungwa kwa sababu ya mvua, ikapewa orodha tupu. SBCL, kompaila inayotumiwa sana na watu wa Common Lisp, inasimama na kutangaza DIVISION-BY-ZERO, tena inakuonyesha hesabu yenyewe iliyoshindikana: (/ 0 0). Jumla ya orodha tupu ni 0, na urefu wake ni 0. Umeshaambiwa kilichotokea, na bado hujafanya lolote zaidi ya kusoma. Kilichobaki ni kujua nani aliyeileta hiyo orodha tupu.

Hapa ndipo ninapoipenda Lisp kwa dhati. Katika lugha nyingi, ujumbe wa kosa ukikufikia programu imeshakufa, na wewe unaletewa taarifa ya msiba. Katika Common Lisp programu bado hai. Imesimama palepale ilipojikwaa, kila fanksheni iliyokuwa ikingoja jibu bado inangoja, na thamani ilizozishika hazijapotea. Ukibonyeza q, wewe ndiye unayemfukuza shahidi pekee.

Basi mhoji. Kama uko kwenye terminali tupu, andika backtrace. Kama unatumia SLIME, zana ya kuandikia Lisp ndani ya kihariri Emacs, mlolongo wa miito umeshaorodheshwa mbele yako. Juu kabisa utakuta majina ya ndani ya SBCL yenye kutisha. Yapite. Shuka mpaka jina la kwanza ulilolitunga mwenyewe, na kwenye SLIME bonyeza Enter juu yake uone thamani zake, kisha nenda mstari unaofuata chini umwone aliyeliita. Herufi e inakuruhusu kuuliza swali lolote la Lisp ukiwa ndani ya fanksheni hiyo iliyosimama.

Na kama jina wastani halionekani kabisa? Usilaumu wachawi. Tendo la mwisho la wastani ni kuita mgawanyo, na SBCL, kwa kubana matumizi, inaweza kuiondoa kwenye mlolongo kabla mgawanyo haujaanza. Weka (declaim (optimize (debug 3))) juu ya faili, kompaili upya, nayo itabaki. Programu itapungua kasi kidogo. Ukimaliza uchunguzi, ondoa mstari huo.

Sasa nyinyi wa print. Mnaijaza programu “nimefika hapa”, “nimefika hapa 2”, mnasahau kuzifuta, na siku ya kukabidhi kazi mteja anasalimiwa na “hapa 3 jamani”. Andika (trace wastani) mara moja tu. Kila ikiitwa utaona ilichopewa na ilichorudisha, bila kugusa faili. Ukichoka, (untrace wastani).

Anayefunika programu nzima kwa ignore-errors nampa onyo kali zaidi. Kosa haliondoki, linageuka nil, linasafiri kimyakimya, na kulipuka kwa mtu asiyehusika.

Kuzungumza na programu inayoendelea si anasa ya mezani. Mei 1999, Remote Agent, programu ya NASA iliyoandikwa kwa Lisp, ilikwama ikiwa ndani ya chombo Deep Space 1, mamilioni ya kilomita kutoka duniani, kwa sababu sehemu zake mbili zilikuwa zikingojana. Huko hakuna fundi wa kwenda kuzima na kuwasha. Wahandisi waliweza kuihoji Lisp iliyokuwa ikiendelea humo chomboni, na kosa likajulikana.

Wewe uliye mezani una raha zaidi. Acha dirisha la dibaga wazi, rekebisha wastani kwenye faili, ikompaili kwa C-c C-c ya SLIME, rudi kwenye dibaga, weka kishale juu ya wastani na bonyeza r. Fanksheni inaanza tena kwa data ileile, kwa maelezo mapya, na kazi inaendelea. Kama kosa ni jina la fanksheni isiyokuwapo, dibaga yenyewe itakupa chaguo zenye namba: iandike fanksheni hiyo, kisha chagua ya kujaribu tena.

Ila kabla ya kubonyeza r, amua wastani irudishe nini ikipewa orodha tupu. Mimi nisingerudisha 0, maana msomaji wa ripoti ataamini nyanya ziligawiwa bure siku hiyo. Ningeshuka mstari mmoja kwenye mlolongo, kwa yule aliyeiita, nizuie siku za soko kufungwa zisifike huku.