Naomba Usogee, Bibi

Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanatuambia, umefufuka kwa sanaa. Nakubali, tena kwa furaha. Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kumng'oa Mreno, sasa hulinda jukwaa: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limejaza uwanja wake wageni wengi kuliko jeshi lolote. Forodha ya zamani nayo ilifundisha vijana qanuni na udi kwa miaka. Heri taarabu kuliko ushuru.

Lakini kata kichochoro cha Gizenga. Tingatinga, mtindo wa uchoraji uliozaliwa Dar es Salaam, umehamia ukutani kwa wingi: tembo yuleyule, mbuyu uleule, Mmasai na mkuki wake chini ya Kilimanjaro, mlima ambao Unguja hatunao. Kila picha "iko moja tu duniani", na pacha wake ananing'inia duka la pili.

Mbele kidogo kuna mlango wa njumu za shaba. Mgeni anapanga kamera, kisha anamwomba kwa adabu bibi aliyekaa barazani asogee, anaharibu picha. Bibi anasogea. Baraza ni lake, mlango ni wake, na dari inayovuja vilevile ni yake, ila hiyo haijaombwa picha.

UNESCO ilituandika urithi wa dunia mwaka 2000. Desemba 2020 upande wa jengo la Beit al-Ajaib ukaanguka, likiwa katika matengenezo, na watu wakafa. Basi waheshimiwa, mkimaliza kupaka chokaa upande unaotazama bahari, tafadhalini: mtaani Malindi nako kuna kuta, na ndani yake wamo watu.