Sifa za Kirai Kivumishi cha Kiingereza

Katika yote yanayomtoa jasho mwanafunzi wa sekondari pale Izia, Sumbawanga, hata baridi ya Ufipa ikiwa kali, hakuna kilichoonewa kama kirai kivumishi cha Kiingereza, yaani fungu la maneno linaloeleza nomino. Hulaaniwa kila swali linapoamuru "pigia mstari". Mimi nakitetea, tena bila haya. Mtoto wa Sumbawanga amelelewa katika anasa ya upatanisho wa kisarufi: Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi vyote huvivisha vivumishi sare ya nomino zake. Ukitaja "gunia la mahindi mapya" na "gunia jipya la mahindi", hakuna atakayeuliza kipya ni kipi. Akifika Kidato cha Kwanza, masomo yanageukia Kiingereza, na huko sare zimevuliwa: "new" ni "new" kwa gunia na kwa mahindi. Sasa inambidi afikiri. Neema iliyoje!

Tazama ustadi wa kiumbe huyu. Katika "Farmers proud of their maize waited outside", maneno "proud of their maize" yametulia nyuma ya wakulima. Yapeleke mwisho, "Farmers waited outside, proud of their maize", nayo bado yanawasifu wakulima, ingawa jirani yao sasa ni kielezi. Anayeamini ujirani wa maneno atakosa. Anayesoma sentensi nzima atapata. Lakini bingwa wa hila ni huyu: "The buyer weighed the maize in the shed." Je, yalipimwa mahindi ya bandani, au mahindi yalipimiwa bandani? Kiswahili kinamaliza ubishi kwa silabi moja. Kiingereza kinakaa kimya. Na katika mkoa wa wakulima wa mahindi, ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga, kimya hicho kikiingia kwenye mkataba, yaliyobaki nje ya banda yanaweza kukosa mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba mzaliwa wa London huongea vizuri bila kujua kirai ni nini. Kweli, ila yeye hakukutana na lugha hiyo ubaoni. Pingamizi zito ni jingine: wataalamu wenyewe hawaelewani. Sarufi za kimapokeo zikitazama kazi, "in the shed" ikieleza mahindi huitwa kirai kivumishi. Wanaisimu wengi wa leo, wakitazama muundo, hukiita kirai kihusishi, na jina la kivumishi huliacha kwa "proud of their maize", ambacho kichwa chake ni kivumishi hasa. Kwangu hiyo ni sifa ya juu kabisa: kimewakalisha maprofesa na mtoto wa Kidato cha Pili benchi moja, wote wakikuna vichwa.

Ubaya, kama upo, ni wa swali linalodai mstari tu na kuikataa hoja. Watunzi wa mitihani, mkiweka "in the shed", wekeni na nafasi ya mwanafunzi kuandika kwa nini, kisha mpeni alama kwa hiyo sababu.