Kila Mtetemo Una Mwenyewe

Kama una mama mwenye wasiwasi, usimpigie simu ukiwa ndani ya bajaji. Mimi nilimpigia wa kwangu nikiwa kwenye taa za Mwenge, foleni imeganda na injini inanguruma nyuma ya kiti. Nilitaka tu kumwamkia. "Shikamoo mama" ikatoka vipande vipande, kila silabi inatetema peke yake.

"Unalia nini, mwanangu?" akauliza kutoka Tanga.

"Si-i-li-i-i, ma-a-ma."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kufika jioni, ukoo mzima ulishajua kwamba nimefukuzwa kazi, au nimeachwa, au vyote viwili. Baba mdogo alipiga kuuliza nani amefariki. Shangazi hakuuliza kitu. Alituma elfu kumi na ujumbe mfupi: "Jikaze." Nilijikaza, na elfu kumi sikuirudisha.

Bajaji yenyewe haina kosa. Injini yake ni ya silinda moja, kwa hiyo pistoni inapanda na kushuka bila mwenzake wa kuituliza, na kila pigo linamfikia abiria mashavuni. Ikiwa mwendoni unasahau. Ikisimama na injini inawaka, hata dereva akitazama kioo cha pembeni, gari moja la nyuma linakuwa matatu, naye anachagua la katikati.

Simu nayo ina mtetemo wake, na huu tunauita wa heshima. Ukiingia kikaoni unazima mlio, unaacha itetemeke, kisha unajiona mstaarabu. Tatizo ni meza. Kwenye kikao kimoja cha harusi tulikaa kuzunguka meza ya plastiki, mweka hazina anasoma majina ya waliotoa ahadi wakapotea nazo. Ghafla meza nzima ikaanza kukoroma. Chupa za soda zikagongana. Kila mtu akajipapasa mifukoni kwa uso wa mtuhumiwa, huku simu ya katibu ikijisogeza yenyewe kuelekea ukingoni. Ndani ya simu nyingi kuna kimota kidogo chenye kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja. Kikizunguka kinayumba, na simu inayumba nacho. Ni kitu cha kukaa juu ya ukucha, lakini kikipata meza ya plastiki kinakuwa ngoma. Katibu alipoipokea, tukasikia sauti ya mmoja wa wale waliosomwa majina akiuliza kama michango imeshasomwa, ili aingie kwenye chakula.

Ule wa pajani siusemi sana, maana kila mtu anao. Umevaa kanzu, simu umeiacha nyumbani inachajiwa, na bado paja linatetemeka mpaka unaingiza mkono mfukoni. Unatoka na tasbihi.

Lakini mtetemo uliotuvunjia heshima nyumbani kwetu ni wa mashine ya kufulia. Shemeji yangu alitununulia ya mtumba kutoka Dubai, ya kufungulia mbele, na nyuma yake zilikuwa zimefungwa bolti nne ndefu zenye vibandiko vya Kiarabu. Nikamwuliza fundi bolti hizo ni za nini. Akazitikisa, akaona zimekaza, akafurahi.

"Bosi, hizi ndizo roho ya mashine. Ukizitoa inalegea."

Kumbe bolti zile ni za safarini tu. Zinalibana pipa la ndani lisigongegonge melini, na mashine ikishafika zinatolewa ili pipa lining'inie kwenye springi zake na kuyumba linavyotaka. Ukiliacha limebanwa, kuyumba kwake kote kunahamia kwenye bodi. Ongeza blanketi lililolowa na kujikusanya upande mmoja, ndiyo ile habari ya kimota cha simu, ila sasa ina uzito wa mtu mzima.

Siku ya kwanza ya matumizi mama mkwe alikuwa mgeni wetu. Amekaa sebuleni, kikombe cha chai mkononi, ananieleza habari za mashamba. Bafuni mashine inaosha kwa adabu. Ilipofika kwenye kukamua, zile mbio ambazo pipa huzunguka mara elfu na zaidi kwa dakika, nyumba ikaanza kuunguruma. Vijiko vikalia kabatini. Kisha tukasikia hatua. Nasema hatua kwa sababu sina neno lingine: du, du, du, kama mtu mnene aliyevaa makubadhi. Mashine ikatoka bafuni, ikakata kona ya korido, ikavuta mpira wa maji, ikaja mpaka mlango wa sebule. Hapo waya ukafika mwisho, plagi ikachomoka, ikanyamaza mbele ya mama mkwe huku povu linaitoka.

Mama mkwe ni mtu wa malezi ya zamani. Aliitazama kwa utulivu, akasogeza mkoba wake, akasema, "Karibu."

Kwa hiyo msitushangae kwa yaliyotokea usiku wa Agosti 12, 2020. Ilikuwa Jumatano, saa mbili na kitu, taarifa ya habari inaendelea. Sakafu ikatetema, pazia likacheza, vijiko vikaanza kulia kabatini. Mke wangu hakuinuka hata kwenye kochi.

"Baba watoto, nani amewasha mashine?"

Mashine ilikuwa imezimwa. Mimi nilimhukumu dereva wa lori la mchanga. Jirani wa ukuta wa pili alimpigia kelele mwenye mashine ya kusaga kwamba watu wazima hawasagi mahindi usiku, naye akajibu kutoka kitandani kwake kwamba alifunga tangu magharibi, na kwamba wamwulize mwenye baa na maspika yake. Mwenye baa akazima muziki kuthibitisha. Chupa zikaendelea kucheza. Huku tukipelekana hivyo, wenzetu wa maghorofani walishakimbilia ngazi na kutoka nje, maana huko juu jengo likiyumba huna wa kumsingizia.

Lilikuwa tetemeko la kweli, lenye ukubwa wa karibu 6, chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Hadi Kenya walilisikia. Mtaani kwetu tuliambiwa na redio.

Aliyelipokea vizuri kuliko wote ni mwenye nyumba wetu. Alifika kesho yake kukagua, mikono nyuma. Nikamwonyesha ufa wa ukuta wa sebuleni, ule ule tuliomlalamikia siku tunahamia.

"Tetemeko hilo, mwanangu," akasema kwa huzuni. "Kazi ya Mungu haina fidia."

"Na dirisha la chumbani lisilofungika?"

"Limetikiswa."

"Na hili bomba la jikoni, mzee, ambalo linavuja tangu mwaka juzi?"

Akainama, akaliangalia tone likidondoka, akalisubiri na la pili.

"Hili," akasema, "lilianza kuhisi mapema."