Jinsi ya Kununua Pikipiki ya Kiitaliano Isiyotembea, Ukiwa Usenge

Pale Usenge, kando ya ziwa, pikipiki haiulizwi umri. Ikifika ufuoni asubuhi kubeba magunia ya omena, ni pikipiki. Isipofika, ni chuma. Wakusanyaji wa pikipiki za kale wana hesabu yao tofauti: kadiri chombo kilivyofanya kazi kidogo, ndivyo bei inavyopanda. Ikiwa umechoka kuitwa mtu mwenye akili, na ungependa kujiunga nao bila kuhama ukingo wa ziwa, fuata hatua hizi.

1. Chagua isiyokufaa kwa lolote

Anza na Ducati 750 Super Sport ya mwaka 1974. Zilitengenezwa 401 tu, kwa heshima ya ushindi wa Paul Smart katika mbio za Imola tarehe 23 Aprili 1972. Mnadani zimewahi kuvuka dola 100,000. Fedha hizo zinatosha kununua bodaboda mpya zaidi ya 50, ila jambo hilo usilitamke stejini.

Sifa zake zitakufurahisha. Ina kiti cha mtu mmoja. Haina keria. Haina stata, ni kiki tu, na ukikosea itakurudishia kiki yako kwenye muundi. Gia ziko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kwa hiyo kijana aliyezoea bodaboda aina ya Boxer akitaka kusimama, atabadilisha gia na kuwahi ziwani kabla ya wavuvi.

Mfuko ukiwa mwembamba, tafuta Moto Guzzi 850 Le Mans ya mwaka 1976. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1921 ina kiwanda chake Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, hivyo unaweza kuwaambia wazee kwamba umenunua kwa watu wa ziwa wenzetu. Tena inaendeshwa kwa shafti, haina cheni ya kulishwa mchanga.

2. Isome geji kwa imani, kisha usiiamini

Usenge imejaa pikipiki zenye kilomita chache. Kebo ya geji hukatika mapema, na hakuna abiria anayelipia kebo. Basi usishangae fundi wako asiposhtuka ukimwambia ya kwako imetembea kilomita 4,000 tangu mwaka 1974. Ataiinamia, ataitazama kwa huruma, kisha aulize: "Jaduong', ilikuwa inaumwa?"

Huyo fundi mlipe, kwa sababu amegusa penyewe. Pikipiki iliyosimama miaka mingi huugua. Petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, sili za mpira hukauka, kutu hutambaa kwenye silinda, na tairi lenye meno yote huwa gumu kama kwato. Muuzaji akisema "haijaguswa", sikia "haijahudumiwa".

Omba risiti za zamani na vyeti vya ukaguzi vyenye kilomita zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka. Kisha kagua raba za kukanyagia na mipini. Geji inaweza kurudishwa nyuma, lakini raba iliyolika hairudi. Linganisha pia namba za injini na za fremu na kumbukumbu za aina hiyo. Mwisho kabisa, fungua injini. Vali za Super Sport hufungwa kwa mkono wa chuma, mfumo alioukuza mhandisi Fabio Taglioni. Za 750 GT na 750 Sport hufungwa kwa springi. Wapo wanaoivisha GT nguo za Super Sport na kuiuza kama bibi harusi.

3. Lipende tangi

Tangi la asili la Super Sport ni la faibaglasi, na ubavuni lina mstari usiopakwa rangi ili uone mafuta yamebaki kiasi gani. Mkusanyaji wa Ulaya huuita ufundi wa mbio. Muuza petroli ya chupa kando ya barabara ataona tu kwamba Waitaliano nao wamestaarabika. Wapenzi wa Ducati husimulia kuhusu tangi moja ambalo nzi alinaswa ndani ya faibaglasi lilipokuwa likitengenezwa. Lipake lako rangi hapa Usenge, siku ambayo wadudu wa ziwani wanapanda juu ya maji kama moshi, na utakuwa na tangi adimu kuliko yote duniani.

4. Zungumza na ofisi kabla ya kulipa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uliza shirika la viwango, KEBS, kwa maandishi, pikipiki ya miaka 50 itahesabiwaje, na usitume hata senti kabla ya jibu. Neno "urithi" lina heshima. Neno "kuukuu" litakugharimu.

5. Ihifadhi, hasa dhidi ya matanga

Unyevu wa ziwa utaifuata hadi sebuleni. Mashine ya kukausha hewa inahitaji stima, na stima ina safari zake. Hata hivyo adui mkuu ni mlio. Siku utakapoipiga kiki, mji mzima utaijua, na mtu akifariki utaombwa uongoze msafara wa bodaboda kwenda mochari Bondo na kurudi, honi zikilia njia nzima. Ukikataa, umeidharau familia. Ukikubali, matanga ya mwezi mmoja yatamaliza kilomita chache ulizolipia mamilioni. Wakusanyaji wa Italia hawana dawa ya jambo hili. Tangaza mapema kwamba injini ni mbovu. Wataamini, maana hawajawahi kuiona ikifanya kazi.

6. Ipeleke Nairobi, ila isiende yenyewe

Mahakama yako ni Concours d'Elegance, maonyesho ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako pikipiki nazo hushindanishwa. Majaji huchungulia hadi uvunguni wakisaka vumbi. Kwa hiyo chombo kinachokimbia kilomita 200 kwa saa utakisafirisha kwa lori la samaki, kimefungwa blanketi, kikipitwa na Boxer zenye abiria wawili na mbuzi.

7. Andika wosia

Bei iandike kwa tarakimu na kwa maneno. Usipofanya hivyo, mnunuzi wa vyuma chakavu atafika na mizani, na warithi wako watamwona kuwa mteja mwema kuliko wote: hataulizia kilomita.