Jinsi ya Kufungwa: Mwongozo kwa Mshabiki wa Butembo na Beni

Mwongozo huu ni wa mshabiki wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, anayekaa Butembo au Beni. Yule wa Kinshasa atafute wake. Yeye mechi yake huanza saa tatu usiku, yetu saa nne, ingawa mpira ni uleule. Akifungwa anatoka nje kulalamika na mji mzima. Sisi kipenga cha mwisho kinatukuta karibu na saa sita, na huku kwetu saa sita si saa ya mtu kuzurura barabarani eti ana huzuni. Kwa hiyo itabidi uomboleze palepale ulipokaa.

Ndiyo maana mahali pa kukaa ni jambo la kwanza. Tafuta ukumbi wa video wenye jenereta yenye tabia mbaya. Wengi hukosea hapa, wanakimbilia ile yenye nguvu. Mshabiki mwenye akili anataka jenereta inayozimika dakika ya 60, ili kesho yake aape mbele ya watu kwamba kwa macho yake hakuiona Kongo ikifungwa. Jenereta ya namna hiyo ingetufaa sana tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Kodivaa kule Abidjan. Dakika ya 65 Sébastien Haller aliupiga mpira ukagonga chini, ukadunda, ukampita kipa wetu Lionel Mpasi juu ya kichwa bila haraka yoyote. Mtu alipata nafasi ya kuanza kusema "aaah" na kulimaliza kabla haujagusa wavu.

Sasa gawa lawama. Refa huwa wa kwanza: alilikataa bao la Cédric Bakambu mapema kabisa, na hilo peke yake linatosha kukufikisha asubuhi. Baada yake kocha. Kocha wetu, Desabre, jina lake la kwanza ni Sébastien. Aliyetufunga naye ni Sébastien. Mtaani hakuna atakayekudai ushahidi zaidi ya huo. Mpasi usimguse. Ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Misri, 8 kwa 7, na kipa hufanya jambo kama hilo mara moja katika maisha yake. Atakayemtukana Mpasi anyang'anywe kikombe cha kasiksi, maana ni dhahiri kimeshamtosha.

Wengine hujifariji kwa hesabu. Jihadhari nazo. Ni kweli Kodivaa walikuwa wamechapwa 4-0 kwao na Ginekweta, wakamfukuza kocha mashindano yakiendelea, na mwisho wakabeba kombe hilohilo. Lakini ukianza kuwahesabia wenzako, kuna mtu atakuhesabia wewe: sare tatu kwenye kundi, Misri kwa penalti, na ushindi mmoja tu wa dakika 90, wa 3-1 dhidi ya Gine. Hesabu iachie wafanyabiashara wa Butembo.

Pia lazima apatikane mzee mmoja wa 1974. Kazi yake ni kutikisa kichwa na kukumbusha kwamba mwaka ule Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika CAN moja, na kombe likaja Zaire. Ukitaka anyamaze, muulize polepole, "Papa, na Kombe la Dunia la mwaka uleule, na Yugoslavia ilikuwaje?" Ilikuwa 9-0. Usimuulize kama ndiye anayelipia kinywaji.

Hapa nafika kwenye kipengele kigumu. Usiku ule wa Abidjan, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji walijiziba mdomo kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bastola. Mikono ilikuwa ya watu waliokuwa wakicheza Marseille na Brentford, lakini mdomo uliozibwa ulikuwa wa huku, pamoja na Beni, ambako raia wamekuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014. Ubaya wake, kwa upande wa ushabiki, ni kwamba wametunyima raha ya kuwatukana. Umefungwa, umevimba, tusi limeshafika kwenye ncha ya ulimi, mara unakikumbuka kile kiganja. Unalimeza. Basi itukane antena. Mtukane jirani aliyehama kiti wakati wa mapumziko akatuletea mkosi.

Asubuhi, chagua motari asiyependa mpira. Anayeupenda atakurudishia lile bao kwa mikono yote miwili huku mnashuka mteremko, na utalazimika kumwambia, "Yaya, shika usukani kwanza, Haller hatufungi tena leo." Kama safari ni ya Butembo hadi Beni, kilomita kama 54, muda unatosha kuchambua kipindi cha kwanza. Cha pili kinategemea mvua.

Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu itazame ukiwa umeshakula. Ile ya 2024 tulikwenda 0-0 na Afrika Kusini, tukapoteza kwa penalti 6-5, na njaa juu yake ingekuwa uonevu.

Kuna mbinu mpya kutoka CAN ya Moroko, ile ambayo Aljeria walitutoa Januari 2026 kwa bao la dakika ya 119. Mshabiki wetu Michel Kuka Mboladinga alikuwa akisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba, na dunia nzima ikampenda. Usiijaribu ukumbini kwetu. Walio nyuma yako wamelipa franka zao.