Kasiksi isiyo na cheti

Huko Austria, mwenye shamba dogo la mizabibu akitaka kuuza divai yake nyeupe isiyo na utamu, Grüner Veltliner, kwa jina la kilimo hai, hukaguliwa kwa miaka 3 na gharama ya mkaguzi hulipa yeye mwenyewe. Cheti kikitoka, bado anaruhusiwa kutia salfaiti hadi miligramu 150 kwa lita. Usafi una kiwango chake.

Wasiwasi juu ya usafi wa divai una chanzo. Mwaka 1985 baadhi ya wenzake walinaswa wakiikoleza divai kwa dietileni glaikoli, jamaa ya dawa inayozuia rejeta za magari kuganda.

Lakini Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kasiksi, yaani pombe ya ndizi, haina mkaguzi. Kama kwingineko Kivu, ndizi huivishwa shimoni chini ya majani, hukandwa kwa nyasi mpaka maji yatoke, huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Siku ya pili bidoni la njano linatoa povu mdomoni. Kemikali za shambani nazo si rahisi kufika: kwa barabara za huko, mbolea ya dukani ingefika imechoka kuliko dereva.

Mwaka wa mavuno hakuna anayeuliza. Kasiksi ya wiki jana ni siki.