Mheshimiwa, Ukipanda Kizimbani

Mheshimiwa, umeshaapa mbele ya waandishi wa habari kwamba mpinzani wako aliyekuchafulia jina mtakutana mahakamani. Vizuri, sasa keti tuongee. Huko unakokwenda hakuna kipaza sauti wala wapambe wa kukupigia vigelegele, na anayekuuliza maswali analipwa ili ujikwae.

Nitakupa mfano wa Australia, maana kule wakubwa wawili waliacha darasa zima nyuma yao. Mwaka 2020 jimbo la Australia Magharibi lilikuwa limefunga mipaka kwa sababu ya korona. Clive Palmer, tajiri wa migodi na kiongozi wa chama, alikuwa akiipinga amri hiyo mahakamani, na wakati huohuo kampuni zake zilikuwa zikilidai jimbo fidia iliyotajwa kufika dola bilioni 30 kwa mradi wa chuma uliokwama. Mark McGowan, Waziri Mkuu wa jimbo, akamwita adui wa jimbo. Bunge likapitisha sheria ya dharura kuyazima madai yale ndani ya siku tatu. Palmer akashtaki kwa kashfa, na McGowan naye akamshtaki Palmer ndani ya kesi ileile. Mwaka 2022 wote wawili wakala kiapo mbele ya Jaji Michael Lee wa Mahakama ya Shirikisho.

Kabla hujampelekea fundi suti, fungua simu yako. Meseji zinazogusa ugomvi huo zitadaiwa na upande wa pili, na zitasomwa mahakamani na wakili mwenye sauti nzuri. Zisome mwenyewe kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu unayemwonea haya. Mama mkwe anafaa sana. McGowan na Mwanasheria Mkuu wake, John Quigley, walikuwa wameandikiana kuhusu Palmer kama vijana wa kijiweni. Ujumbe mmoja ulimtaja kuwa Mwaustralia mbaya kuliko wote walio nje ya jela. Kila mtu humteta adui yake kwa rafiki, sikulaumu. Lakini umekuja kusema wewe ndiye uliyeonewa kwa maneno, na maneno yako nawe yako mezani.

Kiapo chenyewe ni kifupi kuliko salamu zako za mkutano wa hadhara, kwa hiyo kisikilize unapokitamka. Jonathan Aitken, aliyewahi kuwa waziri Uingereza, alilishtaki gazeti la Guardian, akasema kwa kiapo kwamba bili ya hoteli yake Paris ililipwa na mkewe. Kumbukumbu za ndege na za gari la kukodi zikaonyesha mke alikuwa Uswisi. Kesi ikaporomoka mwaka 1997, na mwaka 1999 Aitken akafungwa miezi 18. Kumbukumbu hizo zilitosha. Mheshimiwa, kama kuna bili, itafute leo.

Chumvi nayo iache nyumbani. Palmer alieleza kizimbani kwamba aliihofia ile sheria ya dharura, kwamba kinga iliyomo ingeweza kumpa McGowan ruhusa ya kuua kama James Bond. Jaji hakuukubali ushahidi huo. Jukwaani umati ungecheka na kushangilia, lakini jaji huandika, na akishaandika kwamba hakuamini jambo moja, analipima na la pili kwa mizani ileile.

Ukianza kudodoswa, jibu swali uliloulizwa, ukomee hapo. Kama ni ndiyo, sema ndiyo. "Sikumbuki" ni jibu halali kama kweli hukumbuki. Ukilitumia kujificha, litakusaliti pale utakapokumbuka vizuri sana jambo linalokufaa. Kimya cha wakili baada ya jibu lako ni mtego; wanasiasa hawawezi kuona kimya bila kukijaza. Mezea mate. Tena usimtazame wakili wako akuokoe, kwa kuwa katika mahakama za kule hawezi kuzungumza nawe kuhusu ushahidi wako dodoso likiwa linaendelea.

Halafu jiandae kueleza umeumia wapi. Hapa ndipo wakubwa wengi hukwama. Kesi ikiwa bado haijasikilizwa, chama cha McGowan kilishinda viti 53 kati ya 59 katika uchaguzi wa Machi 2021. Utamshawishije jaji kwamba jina limeharibika? Hukumu ilipotoka Agosti 2022, Palmer alipewa dola 5,000 na McGowan 20,000. Wiki za mahakama ya umma ziliishia hapo, na mimi naona uchungu, maana kuna raia aliyekuwa akingoja zamu yake nje ya mlango ule.

Ila Quigley ndiye ninayetaka umwige, ingawa magazeti yalimcheka. Ushahidi wake ulikwenda kombo. Alipotoka kizimbani akagundua amekosea, akaomba kurudi na kujisahihisha, akadodoswa upya, akaaibika upya. Jaji alisema mtu huyu alichanganyikiwa na akawachanganya wengine, lakini hakumwona mwongo. Kwa hiyo dodoso likiisha na usiku ule ukakumbuka kwamba tarehe uliyoitaja siyo, usiseme nani atajua. Mpigie wakili wako kabla hajalala.